Ng'ombe ana hereni, amechanjwa, bado anaugua: Kwa nini sindano moja haitoshi Tarime na Serengeti

Chukulia boma lolote kati ya Sirari na Mugumu. Ng'ombe wana hereni masikioni, mwenye zizi ameshatoa hela yake ya chanjo, jina lake liko kwenye orodha ya afisa mifugo. Halafu asubuhi moja dume la kulimia linasimama mlangoni mwa zizi likidondosha mate kama uzi, linanyanyua mguu mmoja na kuutikisa, majani halitaki. Siku ya tatu nusu ya zizi iko hivyo hivyo.

Swali la kwanza la mfugaji ni la haki kabisa: si mlisema mmechanja?

Jibu ni kwamba ndiyo, amechanjwa, ila kwa ugonjwa mwingine. Na hapo ndipo mkanganyiko mkubwa kuhusu chanjo ya mifugo katika wilaya hizi mbili za Mara unapoanzia.

Chanjo ya 2025 ilikuwa ya nini hasa?

Juni 16, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo huko Bariadi, Simiyu, mkoa jirani na Mara. Ni mpango wa miaka 5. Serikali iliweka ruzuku ya nusu ya bei, ng'ombe akachanjwa kwa Sh500 badala ya Sh1,000, mbuzi na kondoo Sh300, kuku bure. Hereni za utambuzi nazo bure.

Ila ng'ombe walichanjwa homa ya mapafu. Mbuzi na kondoo walichanjwa sotoka yao. Kuku walipata ya kideri na magonjwa mengine ya ndege. Ugonjwa wa miguu na midomo haukuwa kwenye sindano ile.

Kuna sababu za maana za kuanza na homa ya mapafu. Inaua ng'ombe wakubwa, chanjo yake inatengenezwa hapa hapa nchini, kwenye taasisi ya chanjo iliyoko Kibaha chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), na dozi moja kwa mwaka inatosha. Ni kazi inayowezekana. Miguu na midomo ni habari nyingine kabisa, na anayeahidi kuimaliza kwa kampeni ya wiki mbili na gari lenye spika anawadanganya wafugaji.

Hauui sana, lakini unafilisi

Ugonjwa huu una sifa ya kudharaulika. Ng'ombe mkubwa mara nyingi hafi. Anapata homa, malengelenge yanatokea mdomoni, kwenye ulimi, kwenye chuchu na katikati ya kwato, yanapasuka, yanakuwa vidonda. Baada ya wiki mbili au tatu wengi wanaanza kula tena. Mfugaji anaosha vidonda kwa maji ya chumvi au magadi, anapiga sindano ya antibiotiki kuzuia usaha, anasubiri. Dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo.

Hasara inakaa kwingine. Ndama wanakufa, tena ghafla, kwa sababu kirusi kinashambulia moyo wao. Ng'ombe wa maziwa anakauka, na akirudi kutoa hafikii kiwango cha zamani. Chuchu zenye vidonda zinaleta ugonjwa wa kiwele. Wengine wanapona lakini wanabaki na manyoya marefu na kuhema hovyo jua likiwa kali. Huyo ni ng'ombe ambaye hatanenepa tena na mnadani anajulikana kwa mbali.

Kwa Tarime na Serengeti, ongeza jembe. Huku shamba linalimwa kwa plau na maksai. Kwa Wakurya, maksai wanne waliofundishwa vizuri ndiyo trekta ya familia, na mara nyingi ni trekta ya majirani pia, kwa sababu wanakodishwa. Ugonjwa ukiingia wakati mvua zinaanza kunyesha, maksai hawezi kukanyaga udongo. Familia inachelewa kupanda mahindi, mtama au mihogo kwa wiki tatu, na msimu wa mvua haumsubiri mtu. Njaa ya mwakani inaweza kuanza kwenye kwato za ng'ombe wa mwaka huu, na hakuna atakayeiandika kwenye ripoti ya mifugo.

Ongeza na mahari. Ng'ombe ndio wanaofunga ndoa kwa Wakurya, na upande wa binti hauwezi kupokea mnyama anayechechemea. Harusi inasogezwa. Au, ikiwa watu wana haraka, ng'ombe anapelekwa hivyo hivyo kabla dalili hazijaonekana, na ugonjwa unahamia boma jipya pamoja na mahari. Mnyama aliyeambukizwa anaweza kuanza kusambaza kirusi kabla hata hajadondosha mate.

Ndiyo maana wafugaji wa zamani wa Afrika Mashariki walikuwa na njia yao. Ukiingia zizini, walichukua mate ya ng'ombe mgonjwa wakawapaka midomoni wale wazima, ili wote waugue kwa pamoja na yaishe. Wataalamu wanaikataza, na kweli ndama wanalipia gharama yake. Lakini ina hesabu ndani yake: kama huwezi kuuzuia, bora ukuweke kitandani wiki tatu kuliko miezi mitatu. Mtu anayekwenda kumshawishi mfugaji wa namna hiyo kununua chanjo aende akijua kwamba anazungumza na mtu aliyeshapiga hesabu zake.

Ni aina nne, na hazifahamiani

Kirusi cha miguu na midomo kina aina 7 duniani. Moja, C, haijaonekana tangu 2004. Kaskazini mwa Tanzania wanyama wamekuwa wakipata nne: O, A, SAT1 na SAT2. Na hizi nne hazifahamiani. Ng'ombe aliyeugua O mwaka jana hana kinga yoyote ya SAT2 mwaka huu. Kwa mfugaji ni ugonjwa ule ule uliorudi, ila kwa mwili wa ng'ombe ni mgeni kabisa.

Kwa hiyo chanjo lazima iwe na aina inayotembea wakati huo. Siyo aina tu, hata ukoo wa kirusi ndani ya aina hiyo unatakiwa ukaribiane na ule uliotumika kutengeneza chanjo. Ukichanja O wakati wimbi ni la A, umepiga sindano ya maji.

Halafu kuna muda. Chanjo za kawaida za ugonjwa huu zina kirusi kilichouawa. Zinatoa kinga ya miezi michache, kwa kawaida kama sita hivi. Ng'ombe anayeanza anahitaji dozi mbili zilizopishana wiki tatu au nne, halafu anarudiwa kila baada ya miezi sita. Mwaka wa kwanza ni sindano tatu.

Weka kwenye hela. Mtu mwenye ng'ombe 40 alilipa Sh20,000 kwa homa ya mapafu kwa bei ya ruzuku. Hata kama chanjo ya miguu na midomo ingeuzwa bei ileile ya Sh500, angelipa Sh60,000 mwaka wa kwanza. Na haiuzwi bei hiyo, kwa sababu ni ghali zaidi kutengeneza na kila aina inayoongezwa ndani ya chupa inaongeza gharama.

Tena inatoka nje. Jirani mwenye kiwanda ni Kenya, kupitia taasisi ya serikali iitwayo KEVEVAPI yenye maabara yake Embakasi, Nairobi. Kusini zaidi kuna taasisi ya chanjo ya Botswana, iliyoko Gaborone. Kutengeneza chanjo hii siyo mchezo, maana unafuga kirusi hai kwa wingi ndipo unakiua. Mwaka 2007 kirusi kilitoroka kwenye eneo la maabara za Pirbright, Uingereza, kikaingia kwenye mashamba ya jirani. Kama kimeponyoka Pirbright, nchi inayotaka kujenga kiwanda ina haki ya kwenda polepole.

Kutoka kiwandani mpaka zizini chanjo inatakiwa ikae kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Isipate joto, na isigande. Mtu anayejua njia ya kwenda Nyanungu au Machochwe wakati wa mvua, akiwa nyuma ya bodaboda na kasha la barafu mapajani, anaelewa kwa nini chupa nyingine zinafika zikiwa kioevu tu kisicho na kazi. Mfugaji haoni tofauti. Anaona tu kwamba alichanja na ng'ombe wakaugua.

Nyati anasingiziwa?

Ukiuliza vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti au mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti ugonjwa unatoka wapi, jibu la haraka ni porini. Kwa nyati.

Siyo uongo kwamba nyati wana kirusi. Ni hifadhi ya asili ya aina za SAT, wanakibeba miaka kadhaa bila kuugua. Kusini mwa Afrika sera nzima imejengwa juu ya jambo hilo. Botswana ilianza miaka ya 1950 kujenga mamia ya kilomita za uzio kutenganisha ng'ombe na wanyamapori, na nyumbu wengi walikufa wakigonga waya wakitafuta maji. Kwa Serengeti hilo halifikiriki hata kidogo. Uzio ungeua uhamaji wa nyumbu, na pamoja nao uchumi wa utalii.

Lakini utafiti mkubwa uliofanywa kaskazini mwa Tanzania na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzao wa Tanzania, matokeo yake yakachapishwa 2018, ulileta picha tofauti. Walipima ng'ombe na nyati, wakafuatilia milipuko kwa miaka kadhaa. Walichokiona ni kwamba maambukizi ya ng'ombe yanaendeshwa zaidi na ng'ombe wenzao. Kuishi karibu na nyati hakukuwa ndiyo kitu kikubwa. Kilichohesabika ni mambo ya ufugaji wenyewe, kama ukubwa wa kundi na kuingiza wanyama wapya.

Jambo la pili ndilo lenye thamani kubwa kwa mtu wa Tarime. Milipuko haikuja ovyo ovyo. Ilikuja kwa mawimbi, kila wimbi likitawaliwa na aina moja, likisambaa taratibu kutoka eneo moja hadi jingine kabla aina nyingine haijachukua zamu. Yaani unaweza, kwa kupima sampuli upande mmoja, kujua kinachokuja upande mwingine na kuchanja mbele yake. Tena kwa chanjo ya aina hiyo moja badala ya chupa ya aina nne ambayo hakuna anayeimudu.

Hapa ndipo mjadala wa chanjo ulipaswa kuwa tangu mwaka huo. Badala yake unarudi kila mara kwenye nyati, labda kwa sababu nyati hana simu ya kujibu. Kumlaumu mnyama wa porini ni rahisi kuliko kuuliza ng'ombe aliyeletwa wiki iliyopita alitoka mnada gani.

Serengeti ilishafanya jambo kubwa kama hili

Kuna watu wanaosema kuchanja ng'ombe wa kienyeji pembeni ya hifadhi ni kazi bure. Historia ya eneo hili hili inawapinga.

Sotoka ya ng'ombe iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikamaliza ng'ombe na wanyamapori. Kwa miongo saba hivi ilikuwa ikirudi na kuua ndama wa nyumbu Serengeti, na wote waliamini ni ugonjwa wa porini. Miaka ya 1950 ng'ombe wa maeneo yanayozunguka hifadhi wakachanjwa kwa nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa ukapotea kwa nyumbu na nyati, ambao hakuna aliyewachanja hata mmoja. Kumbe chimbuko lilikuwa kwenye ng'ombe. Nyumbu wakaongezeka kutoka kama 250,000 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 dunia ikatangaza sotoka ya ng'ombe imetokomezwa kabisa.

Sasa, miguu na midomo siyo sotoka. Sotoka ilikuwa na kirusi cha aina moja tu kwa chanjo, na ng'ombe aliyechanjwa alikingwa karibu maisha yake yote. Anayetaka kurudia ushindi ule kwa njia ile ile atashindwa. Ila funzo la nani anamwambukiza nani linafanana sana na lile la watafiti wa 2018.

Wilaya ya Serengeti ina uzoefu mwingine pia, wa mbwa. Kwa zaidi ya miaka 20 vijiji vyake vimekuwa vikileta mbwa sehemu moja siku moja kuchanjwa kichaa cha mbwa, kazi iliyowalinda watu na kuwapunguzia presha ya ugonjwa mbwamwitu na simba pia, maana mbwa walichanjwa na homa nyingine. Watoto ndio wanaowaburuta mbwa hao kwa kamba. Watu wanajua kupanga foleni ya sindano, na hilo siyo dogo.

Mpaka unaochanjwa upande mmoja

Ramani ya kirusi haina Sirari wala Isebania. Wakira, Wanyabasi na Wairege wako Tarime na wako Kuria, kaunti ya Migori. Ng'ombe wanavuka kwa mahari, kwa kuwekeshwa kwa ndugu, kwa biashara, na kwa wizi. Wizi wa mifugo ulikuwa mzito kiasi cha serikali kuunda kanda maalumu ya kipolisi ya Tarime na Rorya. Ng'ombe wa wizi hasimamishwi na mtu kuulizwa kibali. Anatembezwa usiku, anachanganywa na kundi lingine kabla ya alfajiri.

Kwa hiyo Tarime ikichanja yenyewe na Kuria isichanje, kinga inavuja kama gunia lililotoboka. Na upande wa Kenya mambo yamekuwa magumu. Mwishoni mwa 2024 serikali ya Rais William Ruto ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 ingechanja ng'ombe milioni 22 dhidi ya miguu na midomo, pamoja na mbuzi na kondoo milioni 50 dhidi ya sotoka yao. Ukazuka upinzani mkubwa. Wanasiasa wakasema kuna njama. Mitandaoni ikaenea kwamba chanjo ni mpango wa Bill Gates wa kupunguza gesi inayotoka tumboni mwa ng'ombe, yaani ng'ombe wasijambe. Serikali ikakanusha, madaktari wa mifugo wakatetea chanjo, lakini uzinduzi ukasogea na imani ikawa imeshachafuka.

Klipu za WhatsApp hazigongwi muhuri Sirari. 

Na upande wa Tanzania wasiwasi una sura yake. Vijiji vya Tarime vinavyopakana na hifadhi vimekuwa na mgogoro wa mipaka kwa miaka mingi, na mifugo inayokutwa ndani inakamatwa. Mfugaji aliyewahi kukomboa ng'ombe kwa faini, au kupoteza kundi zima, ana sababu ya kuuliza hereni yenye namba itatumika kwa lipi siku ya kesi. Kumjibu kwamba ni kwa ajili ya soko la nje hakutoshi. Anataka kuambiwa na mtu mwenye mamlaka, hadharani, kipi kitafanywa na kipi hakitafanywa na taarifa zile.

Mnada unafungwa, mdomo nao unafungwa

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inaruhusu karantini. Ugonjwa ukithibitishwa, mnada unafungwa, vibali vya kusafirisha vinasimama. Kwa karatasi ni sawa kabisa.

Kwa mwananchi, mnada ukifungwa ada ya shule haipo. Kwa halmashauri, ushuru wa mnada haupo. Wote wawili wana sababu ya kutokuwa wa kwanza kusema. Tarime watu wanaujua uchungu wa soko kufungwa. Suala la mnada wa Magena limefikishwa bungeni mara kwa mara na wabunge wa mkoa huo. Ukimweka mfugaji kwenye njia panda ya kutangaza ugonjwa na kupoteza soko, au kukaa kimya na kuuza mapema wale ambao hawajaanza kudondosha mate, wengi watauza. Hapo ndipo wimbi linapopata usafiri wa lori.

Nchi tajiri zinatatua hili kwa kuua na kulipa. Uingereza iliua zaidi ya wanyama milioni 6 mwaka 2001. Ujerumani, ambayo haikuwa imeuona ugonjwa huu tangu 1988, iliupata Januari 2025 kwa nyati-maji wachache jirani na Berlin, wakauawa wote. Hungary na Slovakia zikafuata Machi. Wenye mifugo wanalipwa fidia. Tanzania yenye ng'ombe zaidi ya milioni 36 haiwezi njia hiyo na haipaswi hata kuijaribu.

Lakini matukio hayo yamebadilisha jambo moja. Mwanzoni mwa 2025 aina ya SAT1, ambayo si ya kawaida huko, ilionekana Iraq, Kuwait na Bahrain, na FAO ikasema inaelekea ilitoka Afrika Mashariki. Ghafla ng'ombe wa huku anahusu watu wa mbali. Hilo ni turufu mezani kwa Dodoma na Nairobi zinapotafuta fedha za chanjo, kama zitakaa meza moja.

Nani achanjwe kwanza

Kuchanja ng'ombe wote wa wilaya mbili mara mbili kwa mwaka kwa chupa ya aina nne ni ndoto kwa bajeti iliyopo. Kuna cha kufanya kabla ya kufika huko.

Cha kwanza ni sampuli. Kipande cha ngozi ya lengelenge jipya, kikichukuliwa ndani ya siku chache na kufika maabara ya TVLA kikiwa kwenye baridi, kinasema ni O, A, SAT1 au SAT2. Bila hilo kila chupa ni bahati nasibu. Afisa mifugo wa kata anahitaji vichupa, mafuta ya pikipiki na simu inayopokelewa, na hiyo ni hela ndogo ukilinganisha na chanjo yenyewe. Anahitaji pia mfugaji asiyeogopa kumpigia. Karantini fupi, ya kijiji kilichoathirika badala ya wilaya nzima, yenye tarehe ya kuisha inayojulikana, ingemfanya mtu apige simu siku ya kwanza badala ya siku ya kumi.

Halafu ni maksai na ng'ombe wa maziwa. Siyo kila ng'ombe ana hasara sawa akiugua. Familia yenye ng'ombe 40 ikiwa na maksai wanne na ng'ombe watatu wanaokamuliwa, hao saba wakichanjwa dozi zao mbili wiki kadhaa kabla ya mvua, shamba litalimwa na watoto watakunywa maziwa hata kama zizi lote litaugua. Haizuii wimbi. Kuzuia wimbi kunataka sehemu kubwa ya kundi, kwa kawaida inatajwa asilimia 80. Lakini mfugaji wa kawaida anaweza kumudu saba, na akiona tofauti msimu mmoja, msimu wa pili atauliza bei ya 40.

Suala la nani alipe ni gumu zaidi ya linavyosemwa majukwaani. Homa ya mapafu ilipata ruzuku kwa sababu ukichanja wako unamlinda na jirani. Hoja hiyo hiyo inasimama hapa, tena kwa nguvu, kwa kuwa kirusi hiki kinasambaa haraka kuliko karibu kila ugonjwa wa mifugo. Ila ruzuku inayorudiwa kila miezi sita ni mzigo wa kudumu kwenye bajeti, na chanjo inayoanzishwa kwa mbwembwe kisha ikakatika mwaka wa pili ni mbaya kuliko kutoanza. Wafugaji watakuwa wamelipa, ng'ombe wataugua kinga ikiisha, na lawama itaangukia hata chanjo ya homa ya mapafu ambayo inafanya kazi yake vizuri.

Hereni zile za 2025 zinaweza kuwa na faida ambayo haijaongelewa sana. Inawezekana kujua ng'ombe huyu wa mnadani alitoka kijiji gani, alichanjwa nini na lini. Ikiwa taarifa hizo zitatumika kwenye vibali vya kusafirisha, anayetoka kwenye kijiji chenye ugonjwa atajulikana kabla hajapanda lori. Zikibaki kwenye kompyuta ya makao makuu, zitakuwa mapambo ya sikio.

Kwa sasa, jambo la haraka ni dogo na halihitaji bajeti. Kila anayepita na sindano katika vijiji vya Tarime na Serengeti amwambie mwenye zizi, kwa jina la ugonjwa, amechanja nini na hajachanja nini, na kinga itaisha mwezi gani. Mfugaji aliyeambiwa hivyo hatamfukuza afisa mifugo siku dume lake litakaposimama mlangoni likidondosha mate. Atampigia simu aje achukue sampuli.